Unga wa Kupeleka Shuleni

Juzi mwanangu alirudi kutoka shule akaniambia mwalimu wao wa sayansi anataka kila mtoto aende kesho na unga kidogo wa nyumbani, wakaufanyie jaribio. Alikuwa ameshatafuta na kipande cha nailoni cha kuufungia. Nilikuwa jikoni hapa kwetu Mtawanya nakuna nazi, nikajikuta nimeacha kukuna. "Nenda kachote kwenye ndoo," nikamwambia. "Huohuo tunaokula leo. Usiende kuomba kwa mtu, wala usiuchague." Akanitazama kama aliyegombezwa bila kosa, na kweli nilikuwa nimemgombeza. Baba yake akauliza kutoka sebuleni, unga una nini tena? Nikamjibu hauna kitu, nikarudi kwenye nazi yangu. Lakini ile harufu ya muhogo mbichi unaotwangwa, ambayo haikuwemo kabisa jikoni mwangu, ikanijaa puani.

Nyie wenzangu mliokulia vijiji vya huku njia ya Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, harufu hiyo mnaijua. Ni kali, inachoma pua kidogo, na ukiizoea unaikumbuka kama harufu ya nyumbani. Sisi ilitulea. Nasema mapema ili msije mkasubiri jambo jingine: habari hii ni ya miguu ya dada yangu Somoe.

Muhogo wetu ulikuwa ule mchungu. Watu wa mjini hushangaa kwa nini tulikuwa tunapanda muhogo mchungu wakati mtamu upo. Jibu ni nguruwe na nyani. Mtamu wanaumaliza wao, mchungu hawaugusi. Tukiwa watoto tulijivunia jambo hilo, kwamba tunakula kitu kilichomshinda nguruwe. Mwaka mzuri muhogo unamenywa, unaanikwa juani siku nyingi mpaka unakuwa makopa makavu ya kulia yakigongana, ndipo unatwangwa. Mwaka mbaya nani ana siku nyingi za kusubiri? Unauchimba asubuhi, unaumenya, unautwanga ungali mbichi, unauanika kidogo, unautwanga tena, unauanika tena, na jioni unasonga ugali. Unga huo wa haraka tuliuita chinyanya. Kila nyumba ilijua kuutengeneza, na hakuna nyumba iliyokiri kwamba inautengeneza.

Maana kwetu njaa haikuwa habari ya kutangaza. Mama yangu alikuwa mtu wa haya mpaka kwenye kinu. Mwaka ule mvua zilipokata mapema na mpunga wa bondeni ukakaukia na mimba yake, alikuwa anatandika mkeka mbovu chini ya kinu ili mchi usisikike kwa jirani saa ambazo watu wenye akiba hawatwangi. Mpita njia akitukuta tunakula, mama alimkaribisha kwa sauti kubwa kuliko ya mwaka wa neema. Mpita njia naye alijua, akajibu kwamba ameshiba, hata kama mdomo umemkauka. Adabu yetu ilikuwa hiyo, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Mwaka huohuo ndipo alipoletwa Mwalimu Neema. Alikuwa mtu wa bara, huko kwenye ziwa, Mkristo, msichana bado, anayeendesha pikipiki mwenyewe na kucheka kwa kurusha kichwa nyuma. Kabla yake sayansi ilikuwa somo la kunakili. Tulichora hadubini daftari zima bila kujua ni kitu cha kukalia au cha kupikia. Yeye alikuja na maboksi. Alituwashisha balbu kwa betri za redio. Alitutengenezea mapafu kwa chupa ya maji na mapulizo, ukivuta chini yanajaa, ukiachia yananywea, na darasa zima tukawa tunajishika vifua. Alikuwa na kompyuta ya kukunja, projekta na jenereta ndogo, na siku ya kwanza alipouwasha ukuta wa ofisi tukaona moyo wa mtu unapiga, mkubwa kuliko mlango, mtoto mmoja alikimbia mpaka kwao. Mimi nilimpenda mwalimu yule kwa mapenzi ya kijinga ambayo mtoto humpenda nayo mtu mmoja tu. Nilikuwa darasa la nne. Somoe alikuwa la saba, na yeye alimpenda kwa sababu yake: Mwalimu Neema alicheza rede na wasichana uwanjani, sketi kaikunjia kiunoni.

Katika rede hakukuwa na wa kumpata Somoe. Wawili wanarusha mpira wa soksi huku na huku, yeye katikati, na mpira ulipofika alipokuwa yeye alikuwa ameshaondoka. Wenzake walimlalamikia kwamba ana miguu minne. Mwalimu Neema alimrushia mpaka akachoka yeye mwenyewe, akaketi chini akihema na kusema, "Somoe, wewe si binadamu." Dada yangu alicheka huku amejishika magoti.

Siku moja mwalimu akafungua boksi jipya. Ndani mlikuwa na vichupa vya plastiki vyenye vifuniko, na vikaratasi vya rangi ya njano. Akatuambia muhogo mchungu una sumu yake ya kuzaliwa nayo, ndiyo inayomfukuza nguruwe, na kwamba ukiharakishwa sumu inabaki kwenye unga na inaweza kumharibu mtu miguu. Tukaambiwa tulete unga. Kila nyumba kichupa kimoja: unga kidogo, maji kidogo, kikaratasi kinaning'inia juu, kifuniko kinakazwa, kinalala mpaka asubuhi. Unga ukiwa salama kikaratasi kinabaki njano. Ukiwa na sumu kinageuka kahawia, na kadiri kinavyokolea ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Ili asichanganye nyumba, alituuliza majina ya mama zetu akayabandika kwenye vichupa. "Huu si mtihani," alisema. "Hakuna kufaulu wala kufeli." Lakini ukimwonyesha mtoto wa shule ya msingi kitu chenye jina na rangi mbili, moja nzuri na moja mbaya, huwezi kumwambia si mtihani.

Asubuhi kichupa chetu kilikuwa na kikaratasi cha rangi ya chai iliyokolea. Karibu vyote vilikuwa hivyo. Mwalimu hakucheka siku hiyo. Alivipiga picha kimoja kimoja kwa simu yake, halafu akamwomba mwenyekiti wa kijiji awaite wazazi jioni, waje na watoto.

Walikuja wote, maana ukuta unaotembea haukuwa jambo la kila siku. Jenereta ikanguruma. Kwanza tukaona katuni ya mmea wa muhogo, watu wakacheka. Kisha zikaja picha za vichupa. Sijui kama mwalimu aliyafikiria yale majina. Naamini hakuyafikiria, kwake yalikuwa vibandiko tu vya kumsaidia asikosee. Lakini ukutani yalitoka makubwa kama mabati, jina la mwanamke mmoja mmoja, na pembeni yake kikaratasi cheusi cheusi. MAMA ZUHURA. MAMA HAMISI. Ilipofika MAMA SOMOE, mama alivuta kanga akajifunika mpaka usoni. Kila aliyekuwepo uwanjani alikuwa anasoma jambo moja tu: nyumba hii akiba imekwisha, na hii, na hii.

Mwalimu alieleza dawa yake vizuri, na ilikuwa nyepesi. Chukua unga wako, uloweshe uwe kama uji mzito, uutandaze mwembamba kwenye mkeka, uuache juani kwa muda wa saa mbili hivi, sumu itaruka na hewa, kisha songa ugali siku hiyohiyo. "Tumeelewana, mama zangu?" aliuliza. Wakajibu kwa pamoja, "Tumeelewa, mwalimu. Ahsante sana, Mungu akuweke." Mwenyekiti akatoa neno la shukrani refu. Mwalimu Neema aliondoka uwanjani anang'aa. Huko alikotoka labda mtu akikataa hukataa. Kwetu mtu akikataa hushukuru.

Njiani mama alitutangulia mpaka tulipofika mlangoni. "Yule binti hakufunzwa na wazazi?" aliuliza. "Anafunua vyungu vya watu mbele ya wanaume?"

Somoe akasema taratibu, "Lakini mama, kasema kuloweka tu. Saa mbili juani. Nitafanya mimi."

"Utandaze wapi? Uani?" Mama alimgeukia. "Kila anayepita aone mkeka wangu wa unga mbichi, ajue leo kwa Mama Somoe wanakula chinyanya? Ntoto wewe, walikula babu zako hawa, na walizikwa na miguu yao yote."

Hakuna nyumba iliyoutoa mkeka. Nilikuwa napita kila siku kwenda shule, na sikuona hata mmoja.

Baada ya majuma kadhaa mwalimu akatangaza kwamba tutapima tena, tuone maendeleo. Jioni yake mama alinifunga kanga akaniambia niende kwa Bi Mwanaisha, nipitie nyuma. Bi Mwanaisha alikuwa mjane asiye na midomo mingi ya kulisha, na juu ya dari ya jiko lake bado alikuwa na makopa ya mwaka uliotangulia, makavu, meupe. Nilimkuta Zuhura anatoka, kiganja kimekunjwa kifuani. Tulisoma dawati moja. Hatukusalimiana.

"Wa kupeleka shule?" Bi Mwanaisha aliniuliza kabla sijafungua mdomo. Akanichotea unga, akanifungia mwenyewe kwenye pindo la kanga. "Haya, nenda. Wala usimwambie ntu. Kitu cha kumwonyesha mgeni hakiwi kibaya."

Nataka mnielewe hapa. Hakuna aliyejiona anadanganya. Mgeni akija kwako unamchinjia kuku ambaye usingemla wewe, unamtandikia shuka ambayo hulalii, na hakuna anayeuita huo uongo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Unga ulikuwa unakwenda kwa mgeni, kwa hiyo ulikwenda ulio bora. Mama alinifungia upya ile chembe ya unga kwa heshima zote, na alikuwa ametulia moyo kama mtu anayelipa wema kwa wema.

Asubuhi vichupa vyote vilikuwa njano. Vyote kabisa, safu nzima dirishani. Mwalimu Neema alipiga kelele ya furaha mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuangalia kama kuna nyoka. Alitukumbatia mmoja mmoja. "Angalieni jinsi vinavyofanana!" alisema, anavipiga picha. "Utadhani vimetoka kapu moja!" Mimi na Zuhura tukatazama vidole vyetu vya miguu. Picha zile alizituma kwa waliompa maboksi, akatusomea jibu lao: kijiji chetu ni mfano.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipochora njia yake, na hata leo siwezi kuicheka. Niliamini kile kikaratasi kinatazama nyumba nzima. Kwamba kikishatoa hukumu shuleni, hukumu inarudi nyumbani na kuingia kwenye unga wote uliobaki, kama dua inavyosomwa mahali pamoja ikamfikia maiti aliye mbali. Nilikimbia mpaka kwetu nikipiga kelele, "Tumefaulu! Mama, tumefaulu!" Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua zilipokata. Jioni ugali ulikuwa uleule, lakini mimi ulinikalia mdomoni mtamu. Mwalimu akafunga lile boksi, akaanza kutufundisha sumaku.

Somoe ndiye aliyekuwa anakwenda shamba la mbali kuchimba muhogo, maana wa karibu ulikuwa umekwisha, na ndiye aliyeteka maji. Akitoka huko anasukuma fungu lake la dagaa, kama dagaa wapo, kwa wadogo. Alikuwa anakula ugali kwa kisamvu na kwenda kulala. Siku moja alirudi na mzigo kichwani, akautua, akasema miguu inamtetemeka kama aliyecheza rede kutwa nzima. Mama akamwambia akapumzike.

Asubuhi alisimama akaanguka. Akasimama tena, magoti yakagongana, mwili ukaenda upande, akashika mlango. Sisi wadogo tulicheka. Kulikuwa na mlevi mmoja kijijini ambaye Somoe alizoea kumwigiza, anayumba vilevile, na tulidhani anatuchezea. Nilimpigia makofi. Yeye naye alitabasamu, nadhani ili tusiogope, halafu akasema, "Mwiteni mama." Kwa sauti ile nikaacha makofi.

Watu walisema walichozoea kusema, kwamba kakanyaga kitu njia ya shamba, kwamba uzuri wake umeonwa. Baba alimpakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, na kutoka hapo wakapata gari la kwenda hospitali mjini. Daktari hakuhangaika. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamtazama baba na kumuuliza swali moja: mnakula nini? Alisema haitazidi kama chakula kitabadilika, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi. Dada yangu alirudi na fimbo. Alitembea kwa ncha za vidole, mapaja yanasuguana, kila hatua akiifikiria kwanza. Ndivyo anavyotembea mpaka leo hii ninapoandika.

Miaka mingi nimehangaika kumpata wa kumchukia. Nilimchukia Mwalimu Neema kwa kuweka majina ukutani. Nikamchukia mama kwa haya zake. Kuna wakati nilimchukia hata Bi Mwanaisha, ambaye kosa lake lilikuwa kusitiri watu, kila mmoja akidhani amesitiriwa peke yake. Chuki zote hizo zimenichosha, na hakuna hata moja iliyonipa nafuu. Ninachokiona nikifumba macho ni ile jioni mwalimu alipokuja nyumbani.

Alikuja kwa miguu, bila pikipiki. Somoe alikuwa amekaa mlangoni, fimbo mapajani. Mwalimu alisimama mbele yake, kisha akaingia akamsalimia mama, akaketi kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama Somoe, sielewi," alisema. "Unga wenu ulitoa njano. Ninayo picha. Niliutazama mwenyewe."

Mama aliinuka akaenda jikoni. Baba alibaki amekaa, anakuna ukingo wa mkeka kwa kucha. Tuliusikia mwiko unagonga sufuria. Mgeni alikuwa ndani ya nyumba saa ya chakula, na mama hakujua namna nyingine ya kuwa mama mwenye nyumba. Kwa Bi Mwanaisha makopa yalikuwa yamekwisha. Mama alirudi na ugali kwenye sinia, kisamvu kando, na maji ya kunawa. Alimnawisha mwalimu kwa kupiga goti, kama anavyonawishwa mkwe.

"Karibu, mwalimu."

"Ahsante, mama."

Mwalimu Neema akamega tonge. Alilifinyanga taratibu, kwa heshima, mtu wa kula ndizi anayejitahidi, akalichovya. Lilikuwa linakaribia mdomo mama alipomshika mkono.

"Usile," mama alisema.

Sijawahi, kabla wala baada, kuona mwanamke wa kwetu akimzuia mgeni chakula. Baba aliinua uso. Mama alikuwa bado ameushika ule mkono, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti.

"Usile, mwanangu. Ule wa shuleni haukuwa wetu. Wetu ni huu."

Mwalimu alilitazama tonge lililokuwa mkononi mwake. Alilirudisha kwenye sinia, akajipangusa kwenye sketi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Aliulizia nyumba ya Mama Zuhura, na ya Mama Hamisi, na kila alipotaja jina mama aliitikia kwa kichwa, kwamba na wao pia. Akainuka. Alisema kesho alfajiri atakwenda mjini kutafuta unga wa mahindi, na kwamba ule wa muhogo uliobaki tuuloweke, tuutandaze popote, hata ndani. Akamshika Somoe begani wakati wa kutoka. Tulisikia viatu vyake vikienda kasi, halafu vikikimbia.

Mama alikuwa ameufunika ugali kwa ungo. Tulikaa tumeuzunguka. Kesho yake mwalimu alileta mahindi kweli, sitamnyima haki yake. Lakini kesho ilikuwa kesho, na tangu asubuhi hatukuwa tumetia kitu tumboni. Mdogo wetu wa mwisho akaanza kulia. Mama alituangalia mmoja baada ya mwingine, akauondoa ule ungo, akasogeza maji ya kunawa, na wa kwanza kunyoosha mikono alikuwa Somoe.